Fremu za chuma za baiskeli: kwa nini zinafanana lakini bei hazifanani?

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa zaidi na wanaotafuta fremu ya chuma, awe anayejenga baiskeli ya safari ndefu, anayechambua mtumba au anayebeba mizigo. Vipimo vya mabomba ni kwa milimita. Bei zilizotajwa ni za kukadiria tu.

## Mambo ya msingi

1. Fremu mbili za chuma, saizi moja, umbo lile lile. Inakuwaje moja iuzwe mara tano ya nyingine?

Sababu si chuma chenyewe. Fremu nyingi zina kilo mbili hadi tatu na nusu za chuma, na hata aloi nzuri, ikinunuliwa kama malighafi, ni sehemu ndogo ya bei ya dukani. Pesa inaliwa na kazi: kulivuta bomba hadi liwe jembamba katikati na nene kwenye ncha, kukata ncha zikae bila pengo, kuunga, kunyoosha, kukereza mahali pa kukaa beringi, kupaka rangi, kupima kama fremu inahimili mitikisiko ya miaka, kisha kuisafirisha.

Halafu kuna wingi. Kiwanda kinachotoa fremu elfu kumi za aina moja kinagawanya gharama ya jigi (kishikio cha kupanga mabomba wakati wa kuunga), usanifu na majaribio kwa fremu elfu kumi. Anayeagiza fremu hamsini anazigawanya kwa hamsini. Kwa mtazamaji fremu hizo zinaweza kuonekana pacha.

2. Nianze kulinganisha wapi?

Anza kwa kuuliza kinachouzwa ni nini. Bei moja inaweza kuwa ya fremu tupu, nyingine ya fremu na uma wa mbele, na nyingine ya fremu, uma, beringi za shingo na kibano cha posti ya siti. Uma mzuri wa kromoli (aloi ya chuma, tazama swali la 3) peke yake unaweza kugharimu dola mia moja au zaidi, kwa hiyo "tofauti kubwa ya bei" mara nyingi hupungua nusu hapa hapa kabla hujafika kwenye ubora.

3. Haiteni na kromoli zinatofautiana nini hasa?

Haiteni ni chuma cha kaboni cha kawaida. Ni rahisi kukipata, kukikunja na kukichomelea, lakini nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo mtengenezaji hulazimika kutumia bomba nene, mara nyingi 1.2 hadi 1.6. Kromoli ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni kidogo. Inayotumika zaidi ni ile ya namba 4130: kromiamu karibu asilimia 1, molibdeni karibu asilimia 0.2 na kaboni karibu asilimia 0.3. Ina nguvu zaidi, hivyo bomba la 0.9 linafanya kazi ambayo haiteni ingehitaji 1.4.

Uzito wa vyuma hivyo viwili kwa ujazo ni ule ule, takribani gramu 7.85 kwa sentimita moja ya ujazo. Kromoli si "chuma chepesi". Fremu yake inakuwa nyepesi kwa sababu imetumia chuma kidogo.

4. Hilo bomba la "ncha nene" ni nini, na linapunguza uzito kiasi gani?

Mabomba yanapokutana ndipo penye joto la kuungia na ndipo mkazo unapokuwa mkubwa, kwa hiyo pale chuma kinatakiwa kiwe kinene. Katikati ya bomba hakuna haja hiyo. Alfred Milward Reynolds wa Birmingham, Uingereza, na mwenzake walipata hataza ya njia ya kutengeneza bomba la namna hii mwaka 1897, na hadi leo ndicho kitu kikubwa kinachotenganisha fremu ya bei ya chini na ya bei ya juu.

Tuchukue bomba la chini lenye kipenyo cha 31.8 na urefu wa sentimita 60. Likiwa na unene wa 1.2 mwanzo hadi mwisho, lina gramu 543 hivi. Likiwa la 0.9 mwanzo hadi mwisho, ni gramu 411. Likiwa 0.9 kwenye ncha (jumla sentimita 20) na 0.6 katikati, ni gramu 320 na ushee. Hapo umeokoa zaidi ya gramu 200 kwenye bomba moja tu. Lakini kulipata bomba hilo la mwisho, chuma kinapita kwenye mashine mara kadhaa, kikivutwa juu ya mtaimbo wenye umbo maalumu. Bomba la 0.9 moja kwa moja linauzwa kwa mita kama bomba jingine lolote.

Kwa fremu nzima bila uma, tarajia kilo 3 au zaidi kwa haiteni, kilo 2.2 hadi 2.6 kwa kromoli ya safari yenye ncha nene, na kilo 1.6 hadi 2 kwa mabomba ya daraja la juu.

5. Kwa hiyo fremu ya bei kubwa ni ngumu zaidi na haipindi?

Hapana. Wengi huteleza hapa. Ukakamavu wa chuma haubadiliki sana kutoka aloi moja hadi nyingine: haiteni, kromoli, vyote vina moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu) ya karibu gigapaskali 200. Kinachobadilika ni nguvu, yaani mzigo ambao bomba linabeba kabla halijapinda na kubaki limepinda.

Bomba la 0.6 lina ukakamavu wa karibu theluthi mbili ya bomba la 0.9 lenye kipenyo kile kile. Maana yake fremu ya bei kubwa, kama kipenyo hakijaongezwa, inanesa zaidi. Wapo wanaolipia unesaji huo kwa furaha. Ndio huo unaosifiwa kuwa "fremu iko hai". Ukitaka tu baiskeli isikurushe kwenye barabara ya makorogesho, tairi pana lenye upepo wa wastani litakusaidia kuliko kubadilisha aloi.

## Stika na namba

6. Stika inasema 4130. Ni fremu nzima?

Isome neno kwa neno. Kuna stika zinazotaja mabomba matatu makuu tu, yaani la juu, la chini na la siti. Miguu ya nyuma (mabomba membamba yanayoshika gurudumu la nyuma) na uma vinabaki haiteni. Kuna hata fremu ambazo kromoli ni bomba la siti peke yake, na stika imebandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Si uongo, ila ni ukweli uliopunguzwa.

Stika za zamani za Reynolds 531, aina mojawapo ya bomba la kampuni ya Reynolds, ni mfano mzuri wa kusoma. Nyingine zilitaja mabomba yenye ncha nene, uma na miguu ya nyuma, yote 531. Nyingine zilitaja mabomba makuu pekee, tena ya unene mmoja. Namba ni ile ile, lakini fremu si moja na bei ya mtumba haipaswi kuwa moja.

7. Kwenye namba za Reynolds, kubwa ndiyo bora?

Kwa ujumla nguvu hupanda na namba, lakini usichukulie kama ngazi iliyonyooka.

531, iliyoingia sokoni mwaka 1935, ni chuma cha manganizi na molibdeni. 520 na 525 ni kromoli, na nguvu zake zinakaribiana na 531 ingawa namba ni ndogo. 725 ni kromoli iliyopikwa kwa joto ili iongezeke nguvu. 631 na 853 ni za ukoo mwingine: zikichomelewa na kupoa hewani, sehemu iliyopata joto haidhoofiki kama ilivyo kwa aloi nyingi. 853, ya mwaka 1995, hupikwa pia kwa joto, na nguvu yake ni megapaskali 1,250 hadi 1,400 hivi, wakati 525 ni kati ya 700 na 900. 953 ni chuma cha pua (tazama swali la 22).

Namba inakuambia aloi. Haikuambii unene wa bomba wala ufundi wa aliyeunga. Fremu ya 725 iliyopindishwa kiwandani ni mbaya kuliko ya 525 iliyonyooka.

8. Na majina kama Columbus, Tange na Ishiwata?

Columbus ni ya Italia, ilianza Milano mwaka 1919. Tange na Ishiwata ni za Japani. Zote zimetengeneza mabomba kwa viwango tofauti tofauti, kwa hiyo jina la kampuni peke yake halitoshi. Tafuta na namba au herufi za aina ya bomba. Kwenye soko la mtumba Afrika Mashariki haya ya Kijapani hukutwa kwenye baiskeli za safari na za milima za miaka ya 1980 na 1990. Baiskeli za sokoni za Kijapani, zile za kikapu mbele, karibu zote ni haiteni nzito.

## Kazi ya kuunga

9. Kuchomelea kwa TIG, kulehemu kwa shaba, au lagi: ipi ni ghali na kwa nini?

TIG, yaani kuchomelea kwa umeme chini ya gesi ya kinga, huyeyusha mabomba yenyewe pamoja na waya wa kujazia. Ni ya haraka, haihitaji kusuguliwa baadaye, na viwanda vya Taiwani na China vimeifikisha mbali. Fremu nyingi nzuri za kromoli leo zimeungwa hivyo.

Kulehemu kwa shaba ya njano hakuyeyushi bomba. Fundi hulipasha joto hadi nyuzi 870 au 900 za Selsiasi, shaba inayeyuka na kuweka kona laini kati ya mabomba. Baadaye kona hiyo hupigwa tupa na msasa kwa saa nyingi hadi iwe mviringo usio na bonde. Saa hizo ndizo unazolipia.

Lagi ni vikombe vya chuma ambamo ncha za mabomba huingizwa, kisha shaba au madini ya fedha yakapenyezwa katikati. Fedha huyeyuka kwa joto la chini, karibu nyuzi 650, hivyo bomba jembamba haliungui. Reynolds 753, iliyotoka mwaka 1976, ilidai fedha kwa sababu hiyo, na fundi alitakiwa kwanza kupeleka kipande cha majaribio kwa Reynolds kabla ya kuuziwa mabomba. Mafundi wachache, kazi ya polepole: bei haikuwa na pa kwenda ila juu.

10. Lakini Phoenix na Hero zina lagi pia. Mbona ni za bei ya chini?

Swali zuri, na jibu lake linavunja dhana kwamba lagi ni alama ya anasa. Baiskeli nyeusi za breki za fito, ziwe za Shanghai au za Ludhiana, India, zinafuata mtindo wa Raleigh wa Nottingham. Lagi zake ni bamba la chuma lililobonyezwa na mashine na kukunjwa. Nafasi kati ya lagi na bomba ni kubwa, shaba inaijaza, na bomba ni nene kiasi kwamba joto la ziada halileti madhara. Kazi haitaki fundi bingwa na inafanyika kwa maelfu.

Kwenye fremu ya bei kubwa, lagi imemiminwa kwa ukungu wa nta, inakaa kwenye bomba kwa nafasi ya sehemu ya kumi ya milimita hivi, na kingo zake zimepigwa tupa kwa mkono hadi zikawa nyembamba. Weka kucha kwenye ukingo wa lagi: kwenye baiskeli nyeusi itakwama kwenye ngazi nene na pengine kwenye donge la shaba, kwenye ile nyingine itapita karibu bila kujua.

11. Baada ya kuungwa, kuna kazi gani nyingine?

Hii ndiyo kazi ambayo mnunuzi haioni na kiwanda cha bei ya chini huiruka kwanza. Joto hupinda fremu kila mara. Kwa hiyo fremu nzuri hurudishwa kwenye meza na kunyooshwa. Kisha:

- nyuso mbili za bomba la shingo hukerezwa zilingane sambamba, na ndani husafishwa ili beringi ikae sawa;
- nyumba ya kranki, ambayo kwa baiskeli nyingi ina upana wa 68, hukerezwa pande zote na nyuzi zake za skrubu kupitishwa zana ya kuzikata upya;
- bomba la siti husafishwa ndani ili posti iteremke bila kukwaruzwa.

Zikirukwa, dalili huja baada ya miezi. Usukani unakwama kidogo ukiwa umenyooka, kwa kuwa gololi zimejichimbia vishimo upande mmoja. Beringi za kranki zinakufa mara kwa mara ingawa unaweka mpya. Fundi mwenye zana za kukereza anaweza kusahihisha hayo baadaye, kwa hiyo fremu ya bei nafuu yenye bomba zuri haijapotea.

12. Masikio ya ekseli, matundu ya keria, viungio vya breki: vinaongeza bei kweli?

Vinaongeza. Sikio la ekseli (pale ekseli ya gurudumu inapoingia) lililokatwa kwenye bamba ni la senti chache. Lililofuliwa au kumiminwa, lenye sehemu ya gia inayobadilishika, ni la dola kadhaa kila moja. Kila tundu la skrubu la keria, madigadi au chupa ni kipande kinachounganishwa peke yake. Breki ya diski inadai zaidi: uso wake lazima uwe sambamba na ekseli, na mguu wa nyuma wa upande huo uimarishwe, kwa sababu nguvu ya kusimamisha inaishia pale.

13. Rangi je?

Rangi ya unga inayookwa ndiyo ya gharama ndogo kwa uimara wake. Rangi ya majimaji yenye tabaka kadhaa na mistari ya mkono ni ghali kwa sababu ya saa za kazi. Kilicho muhimu zaidi kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja ni ndani ya bomba. Baadhi ya fremu huzamishwa kwenye rangi inayovutwa na umeme hadi ndani ya mabomba, na tofauti hiyo ya bei inalipa pwani. Kama yako haikuzamishwa, nyunyizia ndani mafuta mazito ya kuzuia kutu kupitia bomba la siti na matundu ya hewa, igeuzegeuze, uiache siku nzima kabla ya kufunga vifaa.

## Bei yenyewe

14. Fremu mbili zimetoka kiwanda kimoja na bomba moja. Tofauti ya bei inatoka wapi?

Inatoka kwenye masharti ya oda. Mwenye nembo mmoja anaweza kudai kila fremu ipimwe, mwingine akaridhika na moja kati ya kumi. Mmoja amelipia majaribio ya ISO 4210, ambapo fremu na uma hupigwa na kutikiswa kwa mizunguko mingi hadi ijulikane kama zinapasuka. Mwingine ameagiza umbo ambalo halijajaribiwa. Mmoja anatoa dhamana ya miaka mingi, na gharama ya fremu zitakazorudishwa imeshaingizwa kwenye bei yako.

Halafu kuna mikono: kiwanda, mwenye nembo, mwagizaji, duka. Anayeuza moja kwa moja kwa mteja ameruka mkono mmoja au miwili. Nembo yenye jina inaongeza chake pia, na hapo hakuna chuma cha ziada unachopata, ila ukitaka kuiuza baadaye jina hilo linakurudishia kidogo.

15. Na fremu ya kuagiza kwa fundi mmoja?

Za kiwandani za kromoli nzuri, nyingi zikitoka Taiwani, hucheza kati ya dola 500 na 1,000. Fremu ya fundi wa oda wa Ulaya au Marekani kwa kawaida huanzia karibu dola 2,000 na kupanda. Humo mna saa zake zote, gesi, bima ya karakana, mabomba aliyonunua kwa rejareja na fremu zilizoharibika. Unachopata kisichopatikana kiwandani ni vipimo vya mwili wako. Kama fremu ya saizi ya kawaida inakukaa vizuri, sababu kubwa ya kulipa kiasi hicho imeondoka.

16. Kwa nini fremu ya dola 600 inafika Dar es Salaam au Nairobi ikiwa imegharimu karibu mara mbili?

Kwa sababu ya boksi. Wasafirishaji wa haraka wa ndege hutoza uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la fremu la 110 × 70 × 20 ni kilo 30.8 kwenye karatasi, hata kama fremu ndani yake ina kilo 2.4. Juu yake kuna ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya.

Njia za kupunguza: muombe muuzaji achomoe uma na kuulaza kando ya fremu ili boksi liwe jembamba, agizeni watu kadhaa kwa meli, au nunua baiskeli nzima ya mtumba ambayo nauli yake ilishalipwa ndani ya kontena. Hiyo ya tatu ndiyo yenye akili zaidi kwa wengi.

## Kukagua fremu, hasa ya mtumba

17. Hakuna stika. Nitajuaje ni bomba la aina gani?

Chukua kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Pima kipenyo cha nje cha bomba la siti, kisha kipenyo cha posti, ambacho mara nyingi kimegongwa kwenye posti yenyewe. Toa, gawanya kwa mbili: hapo una unene wa bomba kwa makadirio. Bomba la 28.6 na posti ya 27.2 ni unene wa 0.7 hivi, na fremu hiyo karibu hakika ni kromoli nzuri. Posti ya 26.8 ni 0.9. Posti ya 25.4 ni 1.6, yaani haiteni bila ubishi. Hakikisha tu posti iliyomo ndiyo saizi yake, kwani mafundi huzungushia kipande cha bati la kopo posti ndogo ili ikae.

Kisha mulika tochi ndani ya bomba la siti. Mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini ni mshono wa bomba lililokunjwa na kuunganishwa, dalili ya kawaida ya bei ya chini, ingawa si uthibitisho. Ukiweza kuuchomoa uma, angalia ndani ya shina lake upande wa chini: mistari iliyojipinda kama ndani ya mtutu wa bunduki ni alama ya baadhi ya mabomba ya Columbus. Mwisho, gonga bomba la chini katikati kwa kucha, halafu karibu na shingo. Sauti ikibadilika wazi, unene unabadilika.

18. Kwa nini kwenye mtumba fremu nzuri na mbaya huuzwa bei moja?

Kwa sababu muuzaji anauza baiskeli, siyo fremu. Bei hufuata mng'ao wa rangi, idadi ya gia, hali ya matairi, na kama ina shoku. Fremu ya kromoli iliyochubuka yenye gia chache inaweza kuuzwa kwa bei ya chini kuliko ile ya haiteni yenye shoku mbili za mapambo. Kalipa ya swali la 17 inalipa gharama yake hapo hapo.

19. Ni kasoro zipi zinatakiwa kunifanya niiache?

Pitisha kidole chini ya bomba la chini, sentimita tatu hadi tano nyuma ya shingo, kisha chini ya bomba la juu mahali hapo hapo. Ukihisi kikunjo au ukaona rangi imekunyata kwa mstari wa kupita, fremu hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache.

Fanya jaribio la uzi. Funga uzi kwenye sikio la ekseli la kushoto, uzungushe mbele ya bomba la shingo, urudishe hadi sikio la kulia, uukaze. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la siti kila upande. Tofauti ya milimita 1 si neno. Milimita 2 au 3 hunyooshwa na fundi. Zaidi ya hapo, tafuta chanzo kwanza.

Nyufa hupenda kutokea nyuma ya nyumba ya kranki, kwenye masikio ya ekseli, na chini ya mpasuo wa kibano cha posti. Jaribu pia kuizungusha posti. Ya alumini iliyoganda ndani ya chuma kwa chumvi na unyevu inaweza kugoma kabisa kutoka, na kuiondoa kwa msumeno ni kazi ya siku. Rangi mpya ya brashi juu ya kiungo chochote ichukulie kuwa inaficha kitu hadi muuzaji akubali uikwangue.

## Maswali ya pembeni

20. Nabeba magunia, maji au abiria. Ninunue fremu ya bei kubwa?

Si lazima, na mara nyingi haifai. Mabomba ya 0.5 katikati yamepimwa kwa mpanda baiskeli na mizigo midogo. Jerikani tatu nyuma zitaifanya fremu iyumbe kama mkia, na bomba hilo likigongwa na jiwe linabonyea. Haiteni nene inafaa zaidi. Baiskeli ya Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, ambayo huunganishwa pia Kisumu, ina uzito wa kilo 23 hivi na keria ya kilo 100, na uzito huo umewekwa kwa makusudi. Ukitaka kulipa zaidi kwa ajili ya mizigo, lipa kwenye keria, njiti nene na rimu. Hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza.

21. Ikikatika, ipi inarekebishika?

Haiteni inarekebishika karibu popote, hata kwa welding ya vijiti ya mtaani. Kromoli ya 0.9 inataka TIG au shaba. Kijiti cha 2.5 kwenye bomba la 0.6 kitatoboa kabla fundi hajainua mkono. Mabomba yaliyopikwa kwa joto, kama 725, hupoteza nguvu kando ya mahali palipochomelewa, kwa hiyo dawa ni kubadilisha bomba zima.

Onyo moja: kiungo kilicholehemiwa kwa shaba hakichomelewi kwa TIG wala vijiti. Shaba na zinki huingia kwenye chuma kilichoyeyuka na kiungo kinapasuka tena. Kirudishiwe shaba. Ndiyo maana nondo zinazoongezwa kwenye fremu za baiskeli nyeusi huchomelewa katikati ya bomba, mbali na lagi.

22. Fremu ya chuma cha pua kama Reynolds 953 inastahili bei yake?

Ina nguvu kubwa mno, megapaskali 1,750 na zaidi, na bomba huweza kushuka hadi unene wa 0.3. Haitaki rangi. Lakini inachosha misumeno, ukataji wake ni wa polepole, na kuiunga kunadai kuingiza gesi ya kinga ndani ya bomba. Kwa mtu wa pwani anayeogopa kutu, kromoli iliyopakwa mafuta ndani inatoa sehemu kubwa ya faida hiyo kwa bei ndogo sana.

23. Nimepata fremu nzuri ya zamani ila nyuma, kati ya masikio ya ekseli, ni 126. Itapokea gurudumu la 130 au 135?

130 ndiyo, bila shida: hupanuliwa kwa baridi, milimita 2 kila upande. 135 inawezekana kwa chuma, lakini ifanywe polepole, upande mmoja mmoja, kwa kupima kwa uzi wa swali la 19 kila hatua, na mwishoni masikio ya ekseli yarudishwe sambamba. Angalia kwanza kama kuna kipande cha kuunganisha miguu ya nyuma karibu na nyumba ya kranki. Kikiwa kimelehemiwa vibaya ndicho hupasuka. Usijaribu kwenye 753 wala bomba lolote lililopikwa kwa joto. Kutojulikana kwa uwezekano huu hushusha bei ya fremu za 126 sokoni, kwa kuwa wengi hudhani hazitumiki tena, na mwenye subira huzipata kwa bei ya baiskeli ya mtoto.